Sindano Haihami

Apolinaria, mama yake Bertila, fundi cherehani wa Kitete mjini Tabora, alikuwa ameshapanga vitabu vyake kwenye kikapu. Jioni hiyo darasa la watu wazima lilikuwa linafunga orodha ya watakaofanya mtihani wa kidato cha nne, na yeye alikuwa anakwenda kumrudishia mwalimu Vedasto vitabu, si kuandikisha jina. Jiografia ilishamwangusha mara mbili. Mara ya tatu ya kazi gani, na miaka yenyewe arobaini na mitatu?

Kilichomvunja moyo ni swali moja la jaribio: visiwa vya volkano vinajipangaje mstari katikati ya bahari? Babu zake walikuwa wapagazi, walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani, basi naye akajibu kama mtoto wa wapagazi. Moto unasafiri chini ya bahari kama msafara, unapiga kambi, unapika, unaondoka, na kila kisiwa ni mafiga yaliyoachwa. Jibu tamu, sikatai. Vedasto akalikata kwa wino mwekundu, akaandika pembeni kwamba moto hausafiri. Darasa likacheka, na mama wa watu akatamani ardhi ipasuke aingie.

Kabla ya kutoka akasema amalizie pindo la sare ya kwaya ya Moravian. Akakanyaga pedali, kitambaa kikaanza kupita, na macho yake yakaganda. Sindano ilikuwa palepale. Ilipanda, ilishuka, lakini haikusogea hata kidogo. Aliyekuwa safarini ni kitambaa, na mishono ilikuwa inajipanga mstari nyuma ya sindano.

Akachomoa uzi, akachana karatasi ya daftari, akaipitisha. Vitundu vikatoka kimoja kimoja. Cha chini ya sindano ndicho kipya, cha mbali ndicho kikongwe, na karatasi ilipovuka ukingo wa meza ikainama, vile vikongwe vikashuka nayo.

Mwili ukamsisimka. Bahari hajawahi kuiona, lakini hapo aliiona: sakafu yake nzima, na maji yote juu yake, inateleza juu ya moto uliotulia. Moto unaitoboa kutoka chini, unainua kisiwa. Sakafu inakichukua, kinaenda kupoa, kinalika, kinazama taratibu, na kingine kinazaliwa mahali palepale. Mamilioni ya miaka, na hakuna mguu kwenye pedali. Machozi yakamtoka, akayaacha.

Alipofika darasani Vedasto alimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba huku anaitandaza karatasi mezani. Akaeleza yote mbio mbio, hata kule kuzama kwa vikongwe, jambo ambalo darasa lilikuwa halijalifikia. Mwalimu akaiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama Bertila," akasema, "nimefundisha hili miaka sita. Leo ndiyo nimeliona."

Apolinaria akamuuliza kama Tabora nayo inasafiri. Inasafiri, akajibiwa, polepole kama ukucha unavyoota. Apolinaria akaitazama sakafu ya saruji chini ya kandambili zake. Miaka ishirini alikuwa anajisema vibaya, kwamba wenzake wamekwenda Mwanza, wamekwenda Dar, yeye yuko kwenye kiti kilekile, baraza lilelile.

"Niandike," akasema. "Ule moto nao haujahama, na tazama ulichofanya."

Vedasto akachukua kalamu, na kikapu kikarudi Kitete na vitabu vyake.