Kitufe cha Nguvu Moja

Wifi yangu, mke wa kaka, alijifunza kupiga pedi sebuleni kwetu, na nyumba yetu haijui siri. Akigusa tu mashine, majirani, mashemeji na watoto wameshajaa mpaka mlangoni. Mashine yenyewe ni kama sinia dogo lenye pedi za mpira. Kila pedi ina sauti ya ngoma yake, nawe unazipiga kwa ncha za vidole.

"Ipe, ipe!" tulikuwa tukimshangilia. Na alikuwa anapatia, jamani. Mapigo yamenyooka kama yamepigiwa rula.

Mwalimu wake alikuwa kaka, mpiga pedi wa sherehe za watu, leo yupo kazini, kesho yupo kochini. Bendi ya hoteli ikatangaza inataka mpigaji. Wifi alikuwa anafua mashuka ya hoteli hiyohiyo, muziki akiusikia kupitia ukutani. Aliitaka nafasi ile mpaka usingizi ukamhama.

Siku ya majaribio tukaenda ukoo mzima. Akaketi kwenye mashine ya bendi, akaanza. Lo! Ngoma ndogo ikalia kama mlango uliobamizwa. Matoazi hayasikiki. Kidole cha pete, ambacho nyumbani hakikuwahi kumwangusha, kikawa kama hakipo.

"Dada," akasema kiongozi wa bendi, "mwendo unao, sikatai. Lakini vidole vyako, kimoja kinagomba, kingine kimelala. Hukufundishwa kupima nguvu?"

"Nyumbani mapigo yote yanatoka sawa."

"Yote?" Akacheka. "Basi umewashiwa kitufe cha nguvu moja. Ukigusa, ukitwanga, sauti ni ileile. Hapo hata kuku akipita juu yake ataitwa fundi. Nani kakuwashia?"

Wifi akamgeukia mumewe.

"Nilitaka ufurahi," kaka akasema. "Ungeanzia kwenye ugumu, ungekata tamaa."

"Ulitaka nishangiliwe na watoto, Baba Pacha. Mimi nilitaka kazi."

Kiongozi akauliza, sasa Ijumaa atapiga nani? Kaka akasogea taratibu, kama mtu anayepisha wenzake.

"Naweza kumshikia nafasi. Mpaka vidole vyake vikae sawa."

Akapiga. Alinong'ona, akapanda, akanguruma, akashuka tena mpaka ukasikia feni ya dari. Alipiga vizuri mno, na hapo ndipo paliponiuma.

Fulana ya bendi akapewa yeye. Mashine ya nyumbani huondoka nayo kila jioni, eti ameizoea. Wifi anajifunzia kazini, juu ya meza ya pasi: kidole cha pete peke yake, polepole, kwa nguvu, polepole tena. Meza haimwambii kitu.

Wageni wakiuliza mbona siku hizi sebule imepoa, kaka huwajibu huku akifunga zipu ya begi:

"Mwacheni mke wangu apumzike. Nimemshikia nafasi."