Ndizi za Ta Karugendo

Alhamisi ya mwisho ya Desemba 1987, saa sita mchana, Ta Karugendo alitua mikungu mitatu ya ndizi za pombe mbele ya nyumba ya Alistidia, kule Buganguzi, akarudi nyuma hatua nne, ndipo akapiga hodi.

"Ma Alistidia, waitu, nimezileta. Jumamosi wakwe wanakuja kwangu."

"Ziingize ndani."

"Mgongo, waitu."

"Mgongo huohuo umezibeba kutoka kwako mpaka hapa."

Karugendo alicheka, lakini hakusogea. Mikungu ikaingizwa na Jovita, binti mkubwa, akaipanga kukizunguka kiti cha mama yake. Alistidia akakaa katikati na kuendelea kushona sketi. Kufikia saa kumi ndizi zote zilikuwa za njano.

Watu wengine waliivisha ndizi za pombe shimoni. Walichimba, wakalipasha shimo moto kwa majani makavu ya migomba, wakazifukia na kungoja siku sita. Kwa Alistidia zilichukua saa nne, na rubisi, pombe iliyotoka humo, ilikuwa tamu zaidi. Jambo hilo lilijulikana mpaka Kimwani.

Alikuwa mwembamba. Alikula sufuria nzima ya ebitoke, ndizi za kupika, peke yake na bado sketi zilimdondoka. Macho yalimtoka, mikono ilimtetemeka, moyo ulikimbia hata akiwa amekaa, na chini ya koo alikuwa na uvimbe wa ukubwa wa parachichi changa. Mama yake naye alikuwa hivyo. Wakati wa vita, watu walipokimbia mpakani, yule mama aliwakausha wakimbizi kumi na wawili waliolowa mvua kwa kukaa tu katikati yao. Walimshukuru, wakaendelea na safari. Alikufa mwaka uliofuata, moyo ukikimbia vilevile.

Alistidia alikuwa amesoma chuo cha ualimu. Katika kitabu kimoja cha chuoni kulikuwa na ukurasa juu ya tezi ya shingo, ulioeleza kwamba mama huweza kuwarithisha watoto wake ugonjwa wa tezi hiyo. Kijiji hakikuwa na kitabu hicho. Kijiji kilikuwa na Juliana, ugonjwa uliokuwa ukimaliza nyumba moja baada ya nyingine, nao ulikondesha. Mume wa Alistidia aliuawa na kombora karibu na Masaka mwaka 1979, akamwacha na Jovita na mimba ya Kokutona. Karugendo mwenyewe alikuwa mazishini. Miaka minane baadaye watu walikuwa wamekubaliana kwamba mume huyo alikufa kwa Juliana. Wazazi wa shule aliyofundisha Alistidia wakaomba mwalimu apumzike, naye akapumzishwa. Hakuna mgeni aliyechukua tena kahawa ya kutafuna, ya kukaribishwa, kutoka kikapuni mwake. Ndizi waliendelea kuleta.

Jioni hiyo Jovita alikaa kumenya ebitoke vya chakula. Alimenya cha kwanza kikiwa kibichi. Cha tano kiliiva mkononi. Cha kumi kililainika kabla kisu hakijakigusa.

"Mama, chakula kimeharibika."

Alistidia aliinuka, akaishika shingo ya mwanawe kwa vidole viwili, akamwambia ameze mate. Kisha akaketi.

"Tangu lini moyo unakukimbia?"

"Tangu mitihani."

Jovita alikuwa amechaguliwa kuingia sekondari ya bweni. Kilichobaki ni fomu moja, ya daktari. Jumatatu wakapanda lori la kahawa mpaka Bukoba.

Kipimajoto kilipowekwa kwapani mwa Jovita kilipasuka. Daktari akaleta cha pili, nacho kikapasuka. Akaandika daftarini kwamba vipimajoto vilivyoletwa mwezi huo ni vibovu, akaifuta meza.

"Mshike shingo," Alistidia alisema. "Nishike na mimi. Ni kitu kimoja. Ni tezi."

"Mama umesomea udaktari?"

"Nimesomea ualimu. Kusoma naweza."

Mikono ya daktari ilibaki mifukoni mwa koti. "Baba wa mtoto yuko wapi?"

"Aliuawa vitani."

"Wengi husema hivyo."

"Kipimo cha tezi mnacho?"

"Hapa hatuna. Labda Dar es Salaam."

"Na hicho kingine unachokifikiria, mnacho?"

"Vifaa vimekwisha tangu Novemba."

"Sasa utaandika nini?"

Aliwatazama, kwanza mama, halafu binti, akaandika alichokiona. *Amekonda sana. Hafai kulala bweni.* Akagonga muhuri. Wino ulikauka mara Jovita alipoipokea karatasi.

Alistidia aliandika barua shuleni mara tatu, kwa mwandiko wa ubaoni, akinakili ukurasa wa tezi neno kwa neno. Jibu lilikuja moja, nalo lilitaja fomu.

Mwezi Machi Karugendo alikuja na mikungu sita. Aliitua katika mafungu mawili, matatu kwa matatu, akarudi nyuma hatua nne. Jovita akaiingiza. Alikaa na fungu lake, amevaa sketi ya shule aliyoshonewa na mama yake, kwa kuwa ilikuwepo.

"Mama, rubisi ya ndizi hizi watainywa?"

"Yote."

"Na mimi kikombe changu hawakigusi."

"Ndizi ina ganda," Alistidia alisema. "Kaa wima, zile za nyuma hazipati joto."

Saa kumi Karugendo alirudi kuzichukua. Alileta kibuyu cha rubisi ya safari iliyopita, akakiweka juu ya jiwe pamoja na makopo mawili yaliyofungwa uzi mwekundu, yasichanganywe na ya wengine. Alizibonyeza ndizi za Jovita kwa kidole gumba, akaridhika.

"Zimeiva kuliko za mama, waitu. Na yule mdogo?"

"Kokutona ana miaka minane," Alistidia alisema.

Karugendo alimtazama mtoto aliyekuwa akifagia uani, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayekadiria shamba.

"Basi tutasubiri," alisema.