Nakala ya Baba

Baba yake alikuwa karani, basi. Barua za serikali zingemwita mtumishi wa ngazi ya kati, wizara ya mambo ya nje, lakini kazi yake ilikuwa moja tu na aliifanya miaka ishirini na sita: kulinganisha nakala. Nchi mbili zikikubaliana jambo, kila moja hubaki na nakala yake ya mkataba. Kabla wakubwa hawajasaini, makarani wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, hukaa meza moja. Mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anafuata kwa rula, mstari kwa mstari, mpaka nukta na mkato. Ukurasa ukilingana, kila mmoja anatia herufi za jina lake pembeni, chini kulia. Kazi yenyewe inaumiza macho na haina sifa hata chembe. Wanaopigwa picha ni wengine.

Nyumbani nako hakuwa na masihara. Binti yake alipokuwa darasa la tatu, akileta kazi aliyonakili kitabuni, lazima wakae. Binti anasoma kitabu, baba anafuata kwenye daftari. "Soma, mimi nifuate," anasema. Kisha, "Mkato umeuacha wapi, mama?" Shangazi, dada yake baba aliyehamia kwao mama wa binti alipofariki, alikuwa anapita na sufuria mkononi akiwacheka. "Mwache mtoto ale kwanza. Mkato hauna njaa."

Sasa sikia walichomfanyia mtu huyu.

Kulikuwa na mkataba wa mto wa mpakani. Ukurasa wa kumi na moja ulisema maji ya kiangazi yatagawanywa nusu kwa nusu. Makarani wakasoma, wakalinganisha, wakatia herufi zao. Ndipo mkuu wa msafara, ambaye tumwite Balozi kwa kuwa ndivyo alivyopenda kuitwa hata na mkewe, akazichukua nakala zote mbili eti azipitie kidogo na mwenzake wa upande wa pili, chumba cha jirani. Zilirudi zimeshafungwa kwa utepe. Karani akaomba azisome tena. Balozi akamwambia mawaziri wanasubiri, asimtie aibu mbele ya wageni. Zikasainiwa, watu wakapiga makofi.

Kiangazi kilipofika, wakulima wa huku wakafungiwa maji. Kufungua mkataba, ala! Ukurasa wa kumi na moja unasema robo. Na pembeni, chini kulia, hauna herufi za mtu. Balozi alitaka kurudi nyumbani na mkataba uliosainiwa, kwa vyovyote vile, na robo ndiyo bei aliyoilipa kule chumbani. Akamwita karani, akamwekea ukurasa ule mezani pamoja na kalamu. Tia herufi zako hapa, tutasema ni kosa la uchapaji, utahamia masjala na mshahara wako uleule. Karani akairudisha kalamu. Wiki iliyofuata akamwaga unga, na magazeti yakaandika kwamba mkataba uliharibiwa na karani mzembe aliyeruka ukurasa. Balozi akapelekwa kuiwakilisha nchi kwenye miji ya baridi, akarudi na koti zuri.

Hiyo ndiyo sababu binti alisomea uzamivu wa uhusiano wa kimataifa na diplomasia. Watu waliomuuliza aliwajibu mambo ya mito ya pamoja na usalama wa kanda, lakini siku alipopokelewa chuoni alikwenda moja kwa moja kwa baba yake akamwambia, "Sura ya nne itakuwa yako." Mzee akasimama. Alikwenda chumbani akarudi na bahasha iliyochakaa: rasimu ya ule mkataba waliyolinganishia nakala, aliyobaki nayo mwenyewe, kila ukurasa una herufi za makarani wote wawili, wa kumi na moja ukiwemo, na unasema nusu.

Miaka sita! Tena miaka sita ya kupigwa danadana. Msimamizi wake, Profesa, alikuwa mtu wa kusema "nipe wiki moja" na kupotea na sura yako miezi mitano, kisha akairudisha na alama mbili za kuuliza na duara la kikombe cha chai. Binti akafundisha madarasa ya watu wengine kwa mkataba wa muda, akachapa usiku na mchana, akakosa harusi na misiba mpaka ndugu wakaacha kumwalika. Shangazi alikuwa akimpokea mlangoni kwa maneno yaleyale: "Karibu, msomi. Umemaliza, au vitabu ndivyo vitakavyokumaliza wewe?" Chuo kilimwahidi ajira ya kudumu, lakini awe na shahada mkononi kabla ya mwisho wa Juni. Baada ya hapo nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Na katika miaka hiyo alifanya kosa moja, kosa la kijinga ambalo hata mwanafunzi wake wa mwaka wa kwanza angelionea aibu. Kwenye orodha ya watu aliowahoji, baba yake alimwandika "Mhojiwa wa Saba, karani mstaafu." Hakusema popote kwamba ni baba yake. Aliogopa watamcheka, watasema anamsafisha mzee wake. Alidhani ule ukurasa wenye herufi ungejisemea wenyewe.

Barua ya uteuzi wa mtahini wa nje ilipomfikia, macho yalimtoka pima. Balozi. Akamkimbilia Profesa.

"Prof, huyu ndiye ninayemwandika humu ndani!"

"Nani mwingine anaujua mto ule?" Profesa akajibu bila kuinua kichwa. "Ukimkataa, tunaanza kutafuta upya. Juni itakusubiri?"

Chumba cha utetezi kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji, na feni iliyokuwa ikigeuka upande mmoja tu. Balozi alikaa katikati, mvi zimechanwa vizuri, sauti laini ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alisifu sura ya kwanza, ya pili, ya tatu, akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na binti akaanza kupumua. Kisha akafungua sura ya nne.

"Binti yangu, huyu Mhojiwa wa Saba. Ni nani wako?"

Binti akaivuta chupa ya maji karibu.

"Nakuuliza kwa wema."

"Ni baba yangu."

Balozi akavua miwani, akawatazama wenzake mezani mmoja baada ya mwingine kwa huzuni ya kutengeneza. "Anamhoji baba yake, halafu anamficha. Na ushahidi umetoka kabatini kwa baba yake. Sisi wengine tulifundishwa kwamba huo si utafiti." Wenzake wakainamisha vichwa. Mshenzi yule alijua kila neno la sura ile ni kweli, na alijua vilevile kwamba amekabidhiwa kisu na mwandishi mwenyewe.

Wakamtoa nje nusu saa, wakamwita. Amefaulu, ila aiondoe sura ya nne. Kama hataki, aiandike upya kwa kumhoji mtu mwingine, atahiniwe tena baada ya miaka miwili. Profesa akamfuata kwenye korido. "Usiwe mtoto. Chukua shahada, sura hiyo utaichapa baadaye kama makala. Haifi."

Fomu ya masahihisho ilikuwa ya ukurasa mmoja. Alikaa nayo siku nne. Aliwaza Juni, akawaza umri wake, akawaza miaka sita, na moyoni kulikuwa na sauti ikimwambia chana, chana hilo karatasi. Siku ya tano aliisaini kwenye dirisha la ofisi ya masomo, amesimama, kwa kalamu iliyofungwa kwa kamba.

Angeishia hapo tungesema alishindwa, na watu hushindwa. Lakini alikwenda kwa fundi wa kujalidi vitabu akaagiza nakala mbili: majalada ya buluu, maandishi ya dhahabu, sawasawa kama mapacha. Moja ya maktaba ya chuo, bila sura ya nne. Nyingine ya baba, na sura yake ndani. Alijiambia mzee ana magoti mabovu, hajatoka mtaani mwao mwaka mzima, ataisoma, atafurahi, na hakuna atakayeumia.

Mzee alipokea kitabu kwa mikono miwili. Shangazi akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Aliposoma ile sura, ukurasa kwa ukurasa na rula yake, alimaliza akaiweka rula mezani. "Umeandika sawasawa, mama," alisema, na machozi yakamtoka mbele ya dada yake, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya kufukuzwa. Binti alitamani ardhi ipasuke.

Wiki tatu baadaye, akiwa katika ofisi yake mpya ambayo bado ilinuka rangi, simu iliita. Alikuwa mkutubi, mama mmoja mpole wa chumba cha tasnifu. "Daktari, mzee wako yuko huku kwetu. Amekuja na fimbo na kitabu. Anasema anataka tu kulinganisha."

Alishuka ngazi mbili mbili. Alipaswa kujua. Mtu aliyefanya kazi ile miaka ishirini na sita, umpe nakala moja umwambie nyingine ipo maktaba, akae nyumbani? Angetambaa.

Alimkuta mezani karibu na dirisha, shati jeupe, tai aliyokuwa akivaa wizarani. Vitabu viwili vya buluu mbele yake. Vimefungwa. Lakini hata vikiwa vimefungwa, kimoja kilikuwa chembamba kuliko kingine, na yule mzee hakuwa kipofu.

"Kaa," alisema. "Soma, mimi nifuate."

"Baba, ngoja nikueleze."

"Soma, mama."

Akakaa. Akakivuta kile chembamba, akaanza kusoma mahali baba alipomfungulia, mwisho wa sura ya tatu. Baba akashusha rula kwenye chake, mstari kwa mstari. Nukta. Mkato. Aya mpya. Kila neno lililingana. Walipomaliza ukurasa ule, mzee akatoa penseli akatia herufi zake mbili pembeni, chini kulia, kwenye nakala yake. Binti akageuza.

"Sura ya nne," akasoma, "hitimisho."

Rula haikusogea. Chini yake palikuwa pameandikwa kichwa kingine: Sura ya nne, Ukurasa wa Kumi na Moja.

"Rudia."

"Sura ya nne. Hitimisho." Akakiweka kitabu chini. "Ni yeye, baba. Ndiye aliyenitahini. Walisema niitoe au nirudi baada ya miaka miwili, na kazi ingekwenda. Nilitaka wewe upate ya kwako."

"Alikuharakisha."

"Ndiyo."

"Akakupa kalamu."

"Ilikuwa dirishani."

"Ukasaini."

"Nilisaini, baba."

Mzee akairudisha penseli mfukoni, akaupapasa mfuko kuhakikisha imekaa. Hakupandisha sauti. Afadhali angefoka, angempiga hata kwa fimbo.

"Mimi sikusaini," alisema.

Akasimama kwa kujivuta, magoti yakilia, akachukua fimbo na rula. Kitabu hakukichukua. Binti alimwita mara mbili, baba, baba, na watu waliokuwa wakisoma wakainua vichwa. Mzee alitembea taratibu mpaka mlangoni, akamshukuru mkutubi kwa heshima zote, akatoka.

Mkutubi alikuja na kigari chake cha vitabu, akaviona viwili mezani, vya rangi moja na jina moja.

"Samahani, Daktari. Kipi kati ya hivi ndicho cha kwetu?"

Akamwonyesha kile chembamba.