Mchota Maji wa Kituoni

Mtungi ulikuwa umejaa mpaka mdomoni, na ukungu ulikuwa mzito juu ya mto Lumemo, nami nilikuwa nimepiga magoti mchangani nikingoja kutwikwa.

Mtungi mkubwa hajitwiki mtu peke yake. Ndiyo maana wanawake wa kwetu huenda mtoni wawili wawili: huyu amtwike huyu. Mimi nilikuwa naenda peke yangu, kabla jogoo hajawika, kwa sababu nilitaka cheo.

Huo ulikuwa wakati wa Wajerumani, pamba ilipokuwa ikilimwa kwa kiboko. Nilichukuliwa kuchota maji ya kituo cha askari, Ifakara. Mpishi wao, Severini, aliniambia siku ya kwanza, "Fanya kazi, binti. Anayejituma nitampandisha jikoni." Jikoni kulikuwa na kivuli na moto. Mtoni kulikuwa na mamba, na msimu ule alikwisha kuchukua wanawake wawili pale pale tunapochotea. Nilijituma kama mtu anayekimbia. Sikuvunja mtungi hata mmoja.

Akaja Tekla, msichana mcheshi aliyebatizwa upande wa Mahenge. Wiki mbili tu, alikwisha kuvunja mitungi mitatu. Severini akampeleka jikoni.

"Na mimi, baba?" nikauliza.

Akacheka, wala si kwa ubaya. "Wewe? Nikikutoa mtoni, nani ataniletea maji? Huyu ataniua kwa kiu!"

"Usinune, dada," Tekla akaniambia baadaye, akinipa ukoko aliouficha kwenye jani la mgomba. "Nitajifunza kuchota, tubadilishane." Alikuwa na moyo mwema. Aliniwekea ukoko kila siku.

Nami, badala ya kulegea, nikazidisha juhudi. Nikawa naamka mapema zaidi, kabla wanawake wengine hawajaenda mtoni.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipoanza kunitwika. Alikuja kutoka nyuma yangu, bila salamu. Mikono yake ilikuwa imelowa na baridi kama jiwe la chini ya maji. Aliuweka mtungi taratibu juu ya ngata, akausawazisha, kama mama anavyomtwika binti yake mtungi wa kwanza. Sura yake sikuiona kamwe. Shingo yenye mtungi haigeuki. Nilisema "Ahsante, mama," nikaondoka. Sikumwambia mtu. Niliogopa wakijua ninasaidiwa, juhudi yangu haitahesabiwa.

Asubuhi ile ya ukungu alikuja, nikasikia maji yakimtiririka. Lakini mtungi haukuinuka.

"Leo sikutwiki," akasema.

"Mama, nitachelewa. Nitachapwa."

"Kaa."

Nikakaa. Nilipopata ujasiri wa kugeuka, hapakuwa na mtu. Nyayo zilitoka majini, zikafika nyuma ya mahali pangu, zikaishia hapo.

Ndipo wakapita wanaume. Walikuwa wengi, kimya, wamejifunga mabua ya mtama vichwani, vichupa vya dawa ya maji vikining'inia shingoni. Walipita karibu nami kana kwamba mimi ni kichaka. Mmoja tu alisimama.

"Unamchotea nani?"

Niliushika mtungi kwa mikono miwili. Akautazama mtungi, akawafuata wenzake kuelekea kituoni.

Baadaye nilisikia bunduki, kisha kelele, kisha moto ukila makuti. Sikuinuka pale mpaka jua lilipokuwa utosini.

Severini hakupona. Tekla alikutwa mlangoni pa jiko, bado amevaa kitambaa chake cha kupikia. Mimi na mama yake ndio tuliomwosha.

Miezi ilipita, vita ikaliwa na njaa, askari wapya wakaja. Mnyapara wao akauliza ni nani aliyewahi kufanya kazi kituoni. Watu wakanionyesha mimi, hakubaki mwingine.

"Ulikuwa mchapakazi?"

"Ndiyo, bwana."

"Basi kuanzia leo wewe ndiye mkubwa wa jiko."

Wajukuu wangu huniuliza kama bidii humpandisha mtu. Huwaambia mimi nilipanda.

Siku ile niliingia jikoni, nikafagia majivu, nikawasha moto, nikateleka chungu kitupu. Nikasimama mlangoni kumwita mchota maji, nikakumbuka kuwa ni mimi.