Bisibisi Isiyokuwa Ubaoni

Katika karakana ile ya ndege, kila kifaa kilikuwa na mahali pake ubaoni, umbo lake limechorwa kwa rangi nyeusi. Kifaa kisiporudi, pengo lake lilionekana hata na mpita njia. Siku ile ubao haukuwa na pengo hata moja, na hilo ndilo lililomtia Sindano jasho.

Walimwita Sindano kwa wembamba wake. Alipenya mkiani mwa ndege ambako wenzake walikwama mabega. Asubuhi aliingia humo na bisibisi yake mwenyewe, zawadi ya marehemu baba yake, kwa kuwa ile ya ubaoni ilikuwa imelika ncha. Sasa mkia umeshafungwa, abiria wamepanga foleni, na mfukoni mwa koti hamna kitu.

Hakuna ambaye angejua. Kifaa cha nyumbani kilikuwa marufuku, naye alikuwa bado katika miezi ya majaribio. Lakini kama bisibisi imelala karibu na nyaya za usukani, na ndege ikiinama huko juu? Alimfuata msimamizi.

"Mkuu, zuia ndege. Bisibisi yangu haionekani."

"Yako? Ya nyumbani?"

"Ya nyumbani."

Msimamizi alifumba macho kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Kisha akainua simu, akafokewa na ofisi ya abiria mpaka akaiweka mbali na sikio. Jina la mtu hakulitaja. "Ni sisi karakana," alisema tu, akachukua fomu ya taarifa.

Walifungua mkia, wakamulika kila kona saa mbili nzima. Hamna. Sindano alijikunyata kwenye ngazi, akitetemeka. Fundi mnene, aliyezoea kumtania, akaokota koti la Sindano amfunike.

"Vaa, mwanangu, upepo usije ukakubeba." Akasita, akaminya pindo. "We Sindano, koti lako lina mfupa?"

Mfuko ulikuwa umetoboka; bisibisi ilikuwa imeteremkia ndani ya bitana.

Sindano alitamani ardhi ipasuke. "Nimewasumbua bure. Ile fomu ya taarifa ichaneni tu."

"Haichanwi." Msimamizi aliketi kando yake, kalamu mkononi. "Ndege ilikuwa na shaka, sasa haina. Niambie, kwa nini ulileta ya kwako?"

"Ya ubaoni imelika, inateleza."

"Tangu lini?"

Sindano hakutaka kumchongea mtu. Ndipo fundi mnene akakohoa, akachomoa bisibisi kwenye soksi, akaiweka sakafuni.

"Tangu mwaka juzi, Mkuu."

Mwingine akatoa ya kwake, na mwingine, mpaka zikafika sita. Msimamizi alizihesabu kwa kidole. Mwishowe akaingiza mkono ndani ya ovaroli, akatoa ya saba.

"Na kazi yangu?" Sindano aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tukianza kufukuzana hapa, nani atabaki kufunga mlango?" Akampa kalamu. "Andika. Anza na ubao."

Sindano akaanza kuandika. Fundi mnene akachuchumaa, akamshikia karatasi isipeperuke.