Upepo wa Tairi la Nyuma Kushoto

35

TANGAZO KWA MADEREVA WOTE
Shirika la Chanjo Nyanda za Baridi, Njombe

Matokeo ya kubana mafuta, mwezi wa Mei:
Gari Na. 1 (Mwalongo E.): kilomita 9.1 kwa lita.
Gari Na. 2 (Luvanda W.): kilomita 9.6 kwa lita.
Dereva bora ni W. Luvanda, kwa mwezi wa tatu mfululizo. Mnakumbushwa kwamba atakayeongoza hadi mwisho wa Juni ndiye atakayekabidhiwa gari jipya.

K. Msigwa
Afisa Usafirishaji

34

Soma tena mstari wa Gari Na. 1. Mwalongo E. ni mimi, Ezekia. Miaka kumi na tisa nimeendesha hapa, na miaka kumi na tisa jina la juu lilikuwa langu. Hakuna anayeniita Ezekia hapa ofisini. Naitwa Mzee Lita.

Nilikuwa naitwa.

33

Yaliyosikika kwa mama lishe, meza ya dirishani:

— Huyu Witness ana mguu mwepesi, bwana. Gari kama analilea.
— Sasa Mzee Lita tumwiteje?
— Mzee tu, inatosha. Lita mpeni binti.
— Mama Lita!
— Shh. Huyo anaingia.
— Karibu mzee. Wali au ugali?

32

Sina njaa.

Wewe unayesoma nitakwambia ukweli, maana hukai meza ya dirishani. Nina wivu. Mtu mzima, mwenye wajukuu wawili, namtazama binti wa watu akiingia garini, naomba gia imkwaruze mbele za watu. Haimkwaruzi. Anabadili gia mapema. Akiona kona, anaachia mafuta mbali kabla hajafika. Akifika zahanati, anazima injini hata vumbi halijatua. Ningekuwa mwalimu wake ningempa mia kwa mia, na hicho ndicho kinachoniuma.

Lile gari jipya nimelisubiri tangu lilipokuwa tetesi.

31

Karatasi ukutani, chumba cha madereva. Imekunjamana pembeni. Peni ya bluu:

KUBANA MAFUTA
1. Pima upepo kila asubuhi, tairi zote nne, kabla hujagusa ufunguo. Geji isome thelathini na tano.
2. Kanyaga mafuta kama unakanyaga mkeka wa mama mkwe.
3. Ea klina isafishwe kila Jumamosi. Gari nalo linataka kupumua.
4. Keria tupu ishushwe. Unabeba nini huko juu, mawingu?
5. Ukisimama, zima.
6. Mteremkoni usiweke gia huru. Mafuta utakayookoa hayatakununulia jeneza.

(Aliyeandika hakuweka jina.)

30

Mama Jofrey, mke wa Ezekia, akimsimulia jirani:

"Siku hizi akirudi hata salamu haitoki. Nikibandika maharage, ananiuliza moto wote huu wa nini? Siku moja amekaa, mara anasema peke yake, 'Keria hana. Nimemwangalia, hana.' Nani hana? Akasema hakuna. Shoga, nilijua kapata mwanamke. Nililia siku hiyo mpaka macho yakavimba. Kumbe kweli yupo mwanamke, ila mwenzangu anachomwonea donge ni mafuta! Sijui nicheke au niendelee kulia."

28

Njiti moja ya kiberiti.

Fika kwanza, saa kumi na mbili na robo, mlinzi akiwa anachemsha chai. Inama kwenye tairi la nyuma kushoto la Gari Na. 2, lile la upande wa ukutani, kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Fungua kifuniko cha vali. Bonyeza kwa njiti. Hesabu hadi arobaini.

Sssssssssssssss

Tairi likilegea, gari linakuwa zito. Gari zito linakula. Sikutaka aumie, nilitaka ashindwe tu.

Jumatatu.

Jumatano.

Ijumaa.

Wiki ya pili nikahesabu hadi sitini. Kila asubuhi upepo ulitoka kwa nguvu ileile, kama tairi halijaguswa tangu litoke kiwandani. Sikujiuliza kwa nini.

27

Mimi ni Gari Na. 2. Niliyaona yote. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mimi sina mdomo. Nina honi, na honi haijipigi yenyewe.

26

MATOKEO YA NUSU MWEZI, JUNI
Gari Na. 1: 9.0
Gari Na. 2: 9.7

25

Haiwezekani.

Haiwezekani kabisa. Nilichungulia chini ya gari lake. Nilinusa mfuniko wa tangi. Nikasema ana dawa. Kisha nikasema, tena kwa sauti, mezani kwa mama lishe: "Siyo yeye, ni gari. Msigwa kampa gari zima, sisi katuachia mikweche." Watu wakaanza kulirudia. Nikafurahi, Mungu anisamehe.

Na hiyo 9.0 yangu? Nikimwona mbele yangu barabarani nakanyaga. Nakanyaga nimpite, nikishampita sina pa kwenda. Wivu nao unakula mafuta, ila hakuna karatasi ya ukutani iliyoandika hivyo.

Nyuma ya bodaboda moja pale stendi pameandikwa: MWENYE WIVU AJINYONGE.

Nilihisi nimetajwa mimi.

24

TANGAZO LA DHARURA, Jumatano 19 Juni
Limebandikwa saa moja na nusu asubuhi

Kufuatia minong'ono kwamba ubora ni wa gari na siyo wa dereva, madereva wa Na. 1 na Na. 2 watabadilishana magari kuanzia leo saa mbili kamili. Mwalongo atapeleka chanjo kwa Gari Na. 2, kupitia mteremko wa Kidope. Makabidhiano yafanyike kwa maandishi.

K. Msigwa

23

Asubuhi hiyo nilikuwa nimehesabu hadi tisini.

22

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Ufunguo huu hapa. Na daftari lake."

"Daftari la nini?"

"La upepo," Witness akasema. "Si uliandika mwenyewe pale ukutani? Namba moja, kila asubuhi. Nilipoanza kazi niliwauliza nani kaandika, wakaniambia Mzee Lita. Nikasema basi mimi namfuata huyohuyo."

Nikalifungua. Mwandiko wa shule, ulionyooka.

*Juni 3. 35, 35, 35. Nyuma kushoto 31. Nimejaza.*
*Juni 5. Nyuma kushoto 31. Nimejaza.*
*Juni 7. 31. Nimejaza.*
*Juni 10. 29. Nimebadilisha vali.*
*Juni 12. 29. Vali ni nzima.*
*Juni 14. 29. Kamba ya kiatu.*
*Juni 17. 29. Nimejaza. Nimenyamaza.*

Mimi sikumbuki mara ya mwisho kupima upepo wa gari langu.

"Leo hujapima?" nikamuuliza.

"Leo gari siyo langu, mzee."

Ukurasa wa mwisho tarehe ilikuwa imeshaandikwa. Mbele yake nafasi nne, na chini: *Aliyepima*. Masanduku ya chanjo yalishapakiwa. Msigwa alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, anatazama. Kujaza tairi ni dakika tano. Lakini kwanza namba iandikwe, kwa mkono wangu, mkono ule ule wa ukutani, na kila mtu hapa anaujua.

Witness akanipa geji. Akanipa na peni.

Ya bluu.

__

Mbele kulia: 35

Mbele kushoto: 35

Nyuma kulia: 35

Nikazunguka upande wa ukutani. Nikainama. Kamba za viatu vyangu zilikuwa zimefungwa vizuri.

Nyuma yangu nikamsikia akiweka kitu chini, taratibu, kama mtu anayekanyaga mkeka wa mama mkwe.

"Pampu hii hapa, Mzee Lita. Wewe andika tu."

Nyuma kushoto: