Mikono ya Ba Hammou

Jumatatu ya mwisho ya Desemba, saa nne na nusu asubuhi, Ghita Lahbabi aliingia kwenye duka la magari lililoko barabara ya ufukweni, Casablanca, akiwa na koti la sufi la rangi ya ngamia na viatu vilivyochakaa visigino. Viatu hivyo alivichagua makusudi. Marehemu baba yake, Haj Lahbabi, aliyekuwa akiagiza vigae kutoka Hispania, alimfundisha kwamba muuzaji hukutazama miguu kabla ya uso. Alimfundisha pia kwenda dukani mwaka unapoisha, wakati wauzaji wanahesabu magari waliyopungukiwa kutimiza hesabu ya mwaka. Na ukikodi gari kwa miaka mitatu, alisema Haj, usianze na kodi ya mwezi. Anza na bei ya gari lenyewe, kisha malipo ya awali, kisha kilomita, na kodi itakufuata yenyewe kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Muuzaji aliitwa Zouhair, mtu wa makamo mwenye upara na tai iliyomkaba shingo. Alimwagizia mgeni wake kahawa ya nusu maziwa, akampeleka kwenye gari jeusi la Kijerumani lililokuwa katikati ya ukumbi, bado linanukia ngozi mpya. Akafungua mlango wa dereva. Kitini palikuwa na mtu.

Alikuwa Ba Hammou, aliyewaendesha kina Lahbabi kwa miaka ishirini na sita na kufariki gerezani miaka tisa iliyopita. Alivaa sweta ya kijani na kofia ya sufi, na mikono yake miwili ilikuwa imeshika usukani. Alikuwa amekonda kidogo. Alimwamkia Ghita kwa kichwa, Ghita akaitikia, kisha akauliza kama kuna gari jingine.

Gari la pili lilikuwa la kijivu, na Ba Hammou alikuwemo. La tatu lilikuwa nje, viti vyake bado vimefunikwa plastiki, na humo pia alikuwemo, plastiki imekunjamana chini ya mapaja yake. Zouhair alimrudisha Ghita kwenye lile jeusi, akainama kuhakikisha kwamba mkanda umefungwa.

"Huyu ni wako, madamu," alisema. "Si wa gari. Hata ukilifuata gari Tangier, utamkuta kakaa."

Akaeleza kwamba mambo hayo hutokea, hasa kwa magari ya bei kubwa. Mwezi wa Oktoba daktari mmoja wa meno aliwakuta shangazi zake wawili kwenye kiti cha nyuma, na mkataba ulikamilika wiki hiyohiyo. Abiria hawana tatizo, alisema. Dereva ndiye anayehitaji karatasi.

Wakaketi mezani. Zouhair aliandika bei kwenye kijikaratasi, dirhamu laki tisa na elfu arobaini, akakisukuma mbele. Ghita alikisoma, akakigeuza, akanywa kahawa. Alisema kwamba duka la upande wa pili wa barabara lina gari kama hilo kwa bei ya chini, jambo ambalo hakuwa na hakika nalo. Zouhair aliingia ofisini kwa mkubwa wake mara tatu, na kila alipotoka uso wake ulikuwa umepungua kidogo. Kufikia adhuhuri bei ilikuwa imeshuka kwa elfu sabini na tano, malipo ya awali yamekatwa nusu, na kilomita zimeongezwa. Ghita alijisikia vizuri. Alimsikia baba yake akicheka mahali fulani kifuani.

Kisha Zouhair akaingiza jina la dereva kwenye kompyuta, akasoma kimya, akageuza kioo ili Ghita naye asome. Hammou Aït Bihi. Ajali, kifo cha mwenda kwa miguu, miaka kumi na mmoja iliyopita. Kifungo cha miaka mitatu. Bima ilipanda kwa dirhamu elfu mbili na mia nane kwa mwezi, na punguzo lote la asubuhi likaliwa hapo.

"Lakini amekufa," Ghita alisema.

"Kampuni ya bima haiulizi kama yu hai, madamu. Inauliza kama ameua." Zouhair alifungua droo, akatoa ukurasa mmoja. "Ikitokea kuna mtu anayejua kwamba kosa lilikuwa la mwingine, anajaza hapa, anatia saini, jina la mzee linasafishwa na bima inashuka. Mimi nasema tu. Ni ukurasa mmoja."

Ghita aliutazama ukurasa. Ulikuwa na mistari sita.

Siku ile, miaka kumi na mmoja nyuma, aliyekuwa akiendesha ni yeye. Ilikuwa alasiri ya Machi, mvua inanyesha, wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Aïn Sebaâ ndio kwanza wanatoka. Ghita alikuwa amemwomba Ba Hammou ampishe kwenye usukani, naye akampisha, akakaa pembeni yake. Ghita alikuwa anapapasa simu ndani ya mkoba wakati mshonaji mmoja aitwaye Rqia, mwenye miaka ishirini na minne, alipoteremka kutoka ukingo wa barabara. Haj Lahbabi alifika kabla ya polisi. Alizungumza na Ba Hammou dakika tano chini ya mwavuli, amemshika bega, akamwahidi kwamba kifungo hakitazidi miezi sita. Kisha Ba Hammou akazunguka gari, akaketi kwenye usukani, akaushika. Katika kipindi hicho cha kifungo Ghita aliolewa, harusi ya watu mia nne. Mwezi wa ishirini na mbili, kifua kilimmaliza Ba Hammou.

Ghita aliomba dakika chache na gari. Akaingia upande wa abiria, akafunga mlango, na kelele za dukani zikakatika.

"Ba Hammou, unataka nini?"

"Sitaki kitu, binti yangu."

"Basi shuka."

"Haj aliniambia, shika usukani, usiachie mpaka nikwambie. Amekufa hajaniambia." Alisema bila kinyongo, kama mtu anayeeleza kwa nini amechelewa kurudi kutoka sokoni. "Sasa wewe ndiye mwenye neno. Liseme mbele ya mtu anayeandika, nami nitaachia."

Ng'ambo ya kioo Zouhair alikuwa amekaa, kalamu mkononi, akichezea kifuniko chake. Ghita alimwuliza Ba Hammou kama kule aliko kuna baridi, naye akajibu kwamba kuna baridi ya kawaida. Kisha Ghita akashuka, akarudi mezani, akauliza ni kitu gani kingine kinachohitajika.

Kilichohitajika kilikuwa idhini ya mrithi, iliyopigwa muhuri kwenye ofisi ya mtaa, kwa kuwa dereva marehemu hawezi kujitilia saini.

Alasiri hiyo alikwenda Hay Mohammadi na boksi la vitobosha vya lozi. Tamou, mjane wa Ba Hammou, alikuwa anaishi ghorofa ya tatu, chumba na sebule, nguo zimeanikwa dirishani. Alimkaribisha, akamimina chai, na Ghita akamweleza yote kuhusu gari jeusi, la kijivu, na lile lenye plastiki. Tamou alisikiliza hadi mwisho.

"Kavaa sweta?"

"Kavaa."

"Ya kijani?"

"Ya kijani."

"Alhamdulillahi," alisema Tamou. "Kule gerezani waliniambia imepotea."

Alikubali kutia saini ile idhini. Pesa hakuzitaka. Alisema Haj alimletea pesa kila mwezi hadi alipofariki, akazila, na zote zilikuwa na ladha moja. Alitaka Ghita aandike kwamba aliyegonga si Hammou. Mwanawe Saïd alipoomba kazi ya udereva wa basi, waliangalia jina la baba yake, wakamrudishia karatasi zake. Na mama yake Rqia, Yamna, alikuwa anakaa vichochoro viwili kutoka hapo.

"Miaka kumi na mmoja nanunua nyanya mtaa wa mbali nisije nikakutana naye," alisema Tamou. "Nyanya zenyewe mbaya. Andika, binti yangu. Mimi nilijua tangu siku ile. Hammou hajawahi kugonga hata kuku."

Ghita alihisi ulimi unataka kusema ndiyo. Aliona jinsi ambavyo ingekuwa: mistari sita, muhuri, halafu polisi, magazeti, uso wa mumewe, watoto shuleni. Akafanya alivyofundishwa. Ukiombwa jambo, usilijibu hilo. Anza na lingine. Alisema kwamba lililo muhimu kwanza ni Tamou kumwona mume wake. Kila Ijumaa baada ya swala gari litakuja mpaka chini ya nyumba, naye atakaa na Ba Hammou saa nzima, hakuna atakayewasumbua.

Tamou akageuza glasi yake ya chai mara moja, mara mbili.

"Na ile karatasi?"

"Tutaiangalia, mama. Taratibu."

Kimya kilikuwa kirefu. Mtaani muuza chupa tupu alikuwa anapita akinadi. Ghita alikijua kimya cha namna hiyo, akajizuia asikivunje, kwa sababu anayekivunja ndiye anayelipa.

"Saa nzima ni kidogo," Tamou alisema hatimaye. "Fanya mawili."

"Mawili," alisema Ghita.

Wakaenda pamoja ofisi ya mtaa. Karani aliuliza uhusiano, Tamou akajibu mke, karani akagonga muhuri. Walipotoka Tamou alimshukuru, na shukrani hiyo Ghita alikwenda nayo nyumbani kama jiwe ndani ya kiatu.

Tarehe thelathini na moja alirudi dukani asubuhi. Aliweka idhini mezani, akasema bima hiyo yeye hailipi, na akaanza kuvaa glavu zake. Duka lilikuwa limebakiza gari moja tu kutimiza hesabu ya mwaka. Mkubwa wa Zouhair alitoka mwenyewe, akampa mkono, akasema nyongeza ya bima wataibeba wao kwa miezi yote thelathini na sita. Ghita akatia saini kurasa kumi na nne. Ule ukurasa wa mistari sita Zouhair aliurudisha kwenye droo. Alisema, kwa sauti ya mtu anayesema na meza, kwamba miaka yote aliyouza magari hajawahi kuutumia hata mmoja.

Jioni Taoufik, mumewe, alisoma mkataba mzima, akapiga mluzi.

"Umewakamua hadi maganda," alisema. "Baba yako angekuchinjia kondoo."

Ba Hammou alikuwa dereva mzuri kama zamani. Ghita alikuwa akifungua mlango wa mbele, anabonyeza kitufe cha kuwasha, kisha anahamia kiti cha nyuma. Kwenye shule walipunguza mwendo, kwenye reli ya tramu walisimama hata tramu isipoonekana. Polisi wa kwenye mzunguko walimpigia saluti kwa sababu ya umri wake. Mlinzi wa magari wa mtaani alimfutia kioo, akamwuliza habari za wafu wake, naye akamjibu. Watoto wa Ghita walimzoea siku moja. Gereji ikifungwa, gari likizimwa, yeye alibaki humo mikono ikiwa palepale, na vidole vyake vilianza kuacha alama kwenye ngozi ya usukani. Ghita alinunua kifuniko cha usukani, akakirudisha dukani, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kukivalisha.

Kila Ijumaa walikwenda Hay Mohammadi. Tamou alikaa mbele na bakuli la kuskusi magotini, akimpa mumewe habari za jengo: nani kahama, nani kaoza mtoto, lifti ya jengo la pili imeharibika tena. Ba Hammou alikuwa akitikisa kichwa. Ghita alikaa nyuma, kwa sababu mkataba haukuruhusu gari kuachwa bila aliyelikodi. Ijumaa mbili za kwanza Tamou aliuliza kuhusu karatasi. Ya tatu hakuuliza.

Mwishoni mwa Februari, mvua ikinyesha, mwanamke mzee mwenye jalaba la bluu alitoka kichochoroni akijifunika kichwa kwa mfuko wa nailoni. Alikuja hadi kwenye mlango wa dereva, akagonga kwa kifundo cha kidole. Tamou alimtambua, mkono wake ukasimama juu ya bakuli. Alikuwa Yamna, mama yake Rqia. Hapakuwa na mtaa wa kukimbilia. Tamou alijinyoosha juu ya mapaja ya mumewe, akabonyeza kitufe, kioo kikashuka.

"Wewe ndiye Hammou," alisema Yamna.

"Ndimi, mama."

"Waliniambia uko hapa kila Ijumaa. Nimekuja mara nne nikaishia pale kwenye kona." Mvua ilimtiririka puani, hakuifuta. "Nimekulaani miaka kumi na mmoja. Jina lako nimelitaja kila swala, kwa ubaya. Sasa nimezeeka, sitaki kwenda nalo kaburini. Nimekusamehe. Nimekuja kukuambia usoni."

Ba Hammou aliinamisha kichwa mpaka kofia ikagusa usukani. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa kukaza.

"Mungu akulipe, mama," alisema.

Tamou aligeuka nyuma. Alimtazama Ghita tu, na Yamna naye akafuata macho yake, akamwona mle ndani bibi aliyevaa koti zuri, akamwamkia kwa adabu, kama mtu anavyomwamkia mwenye gari.

Ghita alifungua kinywa. Neno lilikuwepo, lilikuwa dogo, na wote watatu walikuwa wanalingoja.

"Mvua inaingia," alisema. "Itaharibu ngozi."

Yamna aliomba radhi, akarudi nyuma hatua mbili. Tamou alibonyeza tena kitufe, kioo kikapanda polepole hadi juu. Lilikuwa gari zuri. Kioo kilipojifunga, mvua haikusikika tena.